Ugomvi wa BL una umri wa mama zetu

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, lakini si mnajua tena mambo ya UE, mtu unaishi na madesa mpaka unayaota usiku. Sasa mitihani imekwisha, bumu lilikata zamani, na kusubiri matokeo hakuna raha yoyote, kwa hiyo bweni zima tumekaa tunaangalia tamthilia. Wiki hii chumba chetu kimegawanyika kama Simba na Yanga, na kisa ni tamthilia moja ya Kithai inayoitwa TharnType.

Kwa ambao mko nyuma: kuna tamthilia zinaitwa BL, za mapenzi ya wavulana kwa wavulana. Zinatengenezwa Thailand, Taiwan, Japani, Korea Kusini na Ufilipino, na China nao walikuwa nazo kwa namna yao (nitafika huko). Hadithi nyingi zimetungwa na wanawake na watazamaji wengi ni wanawake. Huku kwetu zinapita bwenini kwa flashi na kwa simu, hedifoni masikioni, sauti chini. Sasa upande mmoja wa chumba unasema TharnType ni mapenzi matamu kuliko yote. Upande wa pili unasema mapenzi gani hayo, huo ni unyanyasaji uliowekewa muziki mzuri. Tumefika mahali pa kunyimana chumvi.

Mimi nasoma historia, na ugonjwa wa mtu wa historia ni kwamba akisikia watu wanagombana lazima aulize ugomvi ulianza lini. Jibu fupi: kabla hatujazaliwa. Jibu refu ndilo hili, kaa vizuri.

Twende Japani miaka ya 1970. Kulikuwa na majarida ya katuni za wasichana, manene, yanatoka kila wiki, na wahariri wake wengi ni wanaume. Likaibuka kundi la wachoraji wanawake vijana, wengi wao wamezaliwa karibu mwaka 1949. Kwa kalenda ya Kijapani huo ni mwaka wa 24 wa Showa, ndiyo maana wakaja kuitwa Kundi la Mwaka wa 24. Wawili kati yao, Takemiya Keiko na Hagio Moto, waliwahi hata kuishi nyumba moja kule Oizumi, Tokyo, wakati wanatafuta maisha. Yaani kama sisi tu, wawili chumba kimoja, ila wao walikuwa wanabadilisha historia ya katuni na sisi tunagombania soketi ya kuchajia simu.

Mwaka 1974 Hagio alianza hadithi inayoitwa Toma no Shinzo. Iko Ujerumani, shule ya bweni ya wavulana, na inaanza na kifo cha kijana mmoja aliyempenda mwenzake. Sasa sikilizeni hii. Majarida yale yalikuwa na utaratibu wa kura: msomaji anajaza karatasi anasema hadithi gani imempendeza. Ukishika mkia, unaondolewa. Hadithi ya Hagio ilipoanza ikashika mkia, na mhariri akataka ikatishwe. Kilichoiokoa ni kwamba kitabu chake kingine kilitoka wakati huohuo kikauzwa kikaisha ndani ya siku chache, wakubwa wakaona kumbe huyu dada ana watu.

Takemiya naye alikuwa na hadithi moja kichwani tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 70, na wahariri wakaikataa kwa miaka. Unajua alifanyaje? Akaenda kuchora hadithi nyingine kabisa, ya mambo ya Misri ya kale na mafarao, kwa nia ya kupanda kwenye kura za wasomaji mpaka mhariri ashindwe kumnyima. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1976 hadithi yake ikaanza kutoka, Kaze to Ki no Uta, ikaendelea mpaka 1984. Iko Ufaransa, shule ya bweni karibu na Arles, mwisho wa karne ya 19. Na kurasa za mwanzo kabisa, kwenye jarida la wasichana wa shule, zinaonyesha wavulana wawili kitandani. 1976 jamani! Mwaka 1979 ikapata tuzo ya Shogakukan, ambayo ni tuzo kubwa kule.

Nimeisimulia habari ya kura kwa makusudi. Watu wanadhani nguvu ya mtazamaji imeletwa na intaneti. Hapana bwana. Aina hii ya hadithi tangu siku ya kwanza imeishi au imekufa kwa mikono ya wasomaji wake.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kwa nini wanawake waandike habari za wavulana. Hagio mwenyewe aliwahi kujaribu hadithi ya aina hiyo kwa shule ya wasichana, akaona haimtoki vizuri, akahamia kwa wavulana ndipo kalamu ikakimbia. Maelezo ambayo wasomi wengi wameyatoa ni kwamba mwili wa msichana kwenye hadithi ulikuwa umebeba mizigo tayari: mimba, jina baya, kuolewa, baba atasemaje. Ukimweka mvulana, msomaji wa kike anaweza kuyaangalia mapenzi, na hata ukatili, bila kujiona yeye ndiye anayefanyiwa. Anasimama pembeni kidogo. Mimi hili nalielewa vizuri sana. Ukikulia nyumba ambayo kila filamu yenye busu inazimwa na mama mdogo anakuangalia wewe kana kwamba umebusu wewe, utaelewa raha ya kuangalia kitu ambacho hakikuhusu.

Na ukatili ulikuwepo tangu mwanzo, hapo ndipo nilipotaka tufike. Gilbert, kijana mkuu wa Kaze to Ki no Uta, analelewa na Auguste, mtu anayejulikana kuwa mjomba wake na kumbe ndiye baba yake mzazi, na anamharibu tangu utotoni. Shuleni wakubwa wanamtumia. Serge anampenda kweli, wanatoroka pamoja, lakini jeraha halifungiki, na mwisho (samahani kwa wenye nia ya kusoma) Gilbert anakufa amegongwa na gari la farasi huku akili imekwisha kwa kasumba. Kwenye Toma no Shinzo vilevile kuna kijana anayetembea na alama mwilini za aliyotendwa na mwanafunzi mkubwa, na hadithi nzima ni yeye kushindwa kuamini kwamba anastahili kupendwa.

Angalia hapo. Hizo hadithi za kwanza kabisa zinajua kwamba kilichotendeka ni uovu. Mtoto aliyeharibiwa anabaki ameharibiwa, kurasa kwa kurasa. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Miaka iliyofuata nitapita haraka. Mwaka 1978 likaanzishwa jarida la June kwa ajili ya hadithi za aina hii tu. Pembeni kulikuwa na Comiket, soko la katuni za kujichapishia lililoanza Tokyo mwaka 1975, ambako mashabiki walichukua wahusika wa hadithi za watu wengine wakawachora wanapendana. Kazi hizo zikapewa jina la utani, yaoi, ufupisho wa maneno ya Kijapani yenye maana ya hakuna kilele, hakuna mwisho, hakuna maana. Walikuwa wanajitania wenyewe. Ila katika huo utani kikaota kitu: ubakaji ukageuka kuwa njia ya kawaida ya kuanzisha mapenzi. Yule mkali anamlazimisha yule mpole, yule mpole analia, kurasa tano mbele wanapendana. Na sentensi ambayo wapenzi wa BL wote tunaijua kwa moyo: mimi sipendi wanaume, nakupenda wewe tu.

Ndipo mwaka 1992 bomu likalipuka. Mwanaume mmoja Mjapani, Sato Masaki, mwanaharakati ambaye yeye mwenyewe ni mpenda wanaume, aliandika kwenye kijarida kidogo cha wanawake kiitwacho Choisir. Kwa ufupi aliwaambia: mnatufanya wanasesere. Mnachukua miili yetu mnaichezea kwa raha zenu, mnataka tuwe wazuri na wembamba kama kwenye picha, na sisi wa kweli hamna habari na sisi. Akawafananisha na wale wazee wanaolipia kuangalia picha za wanawake wawili. Maneno makali. Wanawake wakajibu, wengine kwa hasira kwamba hizi ni ndoto zetu, wewe hazikuhusu, umetualika lini. Wengine wakanyamaza wakafikiri, wakaanza kuandika tofauti. Majibizano yaliendelea kwa miaka na mpaka leo wasomi wanayaita ugomvi wa yaoi.

Mimi nimeyasoma hayo nikacheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Kuna dada bwenini kwetu, shabiki namba moja, anajua waigizaji wote mpaka siku zao za kuzaliwa. Siku moja tumekaa kwenye vimbweta akapita kijana wa kitivo kingine, mwembamba, anatembea kwa madaha yake. Huyo dada akatoa neno ambalo siliandiki hapa, na wote mezani wakacheka. Yaani usiku unalia na Tharn na Type, mchana unamtupia mtu tusi. Na hapa nchini sheria inaweza kumfunga mtu maisha kwa jambo hilohilo linalokuliza usiku. Sato hajawahi kukanyaga chuo chetu lakini barua yake ya 1992 ilikuwa inatufaa pale mezani. (Halafu angalieni na lugha yetu: neno shoga bibi zetu wa pwani waliitana wao kwa wao, rafiki kwa rafiki, kwa upendo kabisa. Leo ukilitamka watu wanageuka.)

Haya, Thailand sasa, maana ndiko flashi zetu zinakotoka.

Katuni za Kijapani zilifika Thailand mapema na kutafsiriwa, wasichana wa Kithai wakaanza kutunga riwaya zao wenyewe. Mwaka 2007 ikatoka filamu The Love of Siam, ya Chookiat Sakveerakul. Matangazo yake yaliiuza kama filamu ya kawaida ya mapenzi ya vijana, wavulana wawili na wasichana wawili, watu wakalipa tiketi wakaingia, kumbe wanaopendana ni wale wavulana. Kuna waliokasirika kwamba wamedanganywa, na kuna waliotoka na machozi. Ikazoa tuzo. Mwaka 2014 runinga ikaonyesha Love Sick, kutoka riwaya ya intaneti, na wengi huitaja kama mwanzo wa BL ya Kithai kama tunavyoijua. Halafu 2016 ikaja SOTUS.

SOTUS ni lazima tuiongelee kwa sababu ni habari ya chuo. Jina lenyewe ni herufi za kwanza za maneno matano ya Kiingereza: ukubwa, utaratibu, mila, umoja na moyo. Ni mfumo halisi uliopo kwenye vyuo vya Thailand wa kuwapokea njuka. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanawasimamisha wa mwaka wa kwanza juani, wanawafokea, wanawapa adhabu, mpaka wapate gia, ile alama ya uhandisi, kuonyesha kwamba sasa ni wenzao. Arthit ni kiongozi wa wafokaji. Kongpop ni njuka anayethubutu kujibu. Na hapo ndipo penye ile kauli maarufu: Arthit anamuuliza asipopewa gia atafanyaje, Kongpop anasema ataichukua kwake kwa kumfanya mke wake, maana mali ya mke ni ya mume. Watu wanaipenda ile sehemu kufa.

Mapokezi ya namna hiyo kule si mchezo, kuna wanafunzi waliokufa humo, na kuna wanafunzi wa Kithai wanaopinga mfumo huo mpaka leo. Kwa hiyo tamthilia ilipopendwa, wakajitokeza watazamaji waliosema mbona mmechukua unyanyasaji wa kweli mkaufanya mandhari ya mapenzi? Wengine wakajibu kwamba hadithi inauhoji mfumo, kwani Kongpop anakataa kutii na Arthit mwenyewe anabadilika. Mimi niko katikati. Naona SOTUS inauliza swali halali na kisha inakimbilia jibu jepesi, kwamba wakubwa kumbe wana moyo mzuri. Aliyewahi kusimamishwa juani na mkubwa asiye na moyo mzuri anajua jibu hilo halitoshi. Lakini pia hiyo kauli ya mke. Wavulana wawili wanapendana, na bado lazima apatikane mmoja wa kuwa mke na mali yake ichukuliwe! Hata kwenye ndoto zetu wenyewe wanawake tumeshindwa kumwacha mke nje ya mlango.

Sasa TharnType. Ilianza Oktoba 2019, imetoka kwenye riwaya ya mwandishi wa kike anayejulikana kwa jina la MAME, yuleyule wa Love by Chance ya 2018, ambayo nayo ina wahusika wa pembeni ambao mmoja anamtumia mwenzake akiwa amelewa. Type ni njuka anayewachukia wanaume wapendao wanaume kwa sababu akiwa mtoto alinajisiwa na mwanaume. Anapangiwa chumba na Tharn, mpiga ngoma wa kitivo cha muziki, akigundua mwenzake ni mmoja wa hao anaanza visa vya kumfukuza. Tharn naye kwenye sehemu za mwanzo anamjibu kwa kumgusa na kumbusu bila ridhaa, hata akiwa hajitambui kwa pombe. Kisha, kama mnavyojua, yanakuwa mapenzi.

Wanaoitetea hawasemi upuuzi, niwe mkweli. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alisema kitu kilichonyamazisha chumba: kwamba hajawahi kuona tamthilia nyingine ambamo mtu mzima anasimulia alichofanyiwa utotoni, analia, na anayempenda anamsikiliza mpaka mwisho bila kumlaumu. Tamthilia zetu hizo tulizokua nazo, mtoto akinajisiwa mambo yanamalizwa na wazee sebuleni. Hilo ni kweli, na sehemu ile ya Type kusimulia imeigizwa vizuri na Gulf Kanawut.

Ila hapo ndipo penye hoja yangu, na ndiyo sababu niliwaambia mshike habari ya Gilbert. Hadithi kuwa na unajisi ndani yake hainisumbui, maisha yanao. Inayonisumbua ni hadithi isiyojua ilichokiandika. Kaze to Ki no Uta ilijua. TharnType inajua nusu: aliyemfanyia Type utotoni ni shetani, muziki unabadilika, taa zinazimwa. Tharn akifanya jambo la familia ileile kwa mtu mlevi, muziki ni wa kimahaba. Mkono uleule, ila mmoja una sura nzuri. Na hii sentensi ya kwamba akikataa anataka abembelezwe, nani hapa hajaisikia? Tumeisikia kwa makaka, kwenye nyimbo, kwenye harusi. Kuna wasichana chuoni hapa wamekwenda kulalamika wakaulizwa walivaa nini. Kwa hiyo mtu akiniambia ni ndoto tu, haina madhara, namwambia ndoto hiyo naijua, inatembea koridoni kwetu na viatu.

Mwaka 2021 ikazuka nyingine Taiwan, ambako ndoa za jinsia moja zilihalalishwa Mei 2019. HIStory4, habari ya ndugu wa kambo, mdogo anampata kaka yake akiwa amelewa. Watazamaji wa nchi nyingi wakapiga kelele. Sitaeleza zaidi, aliyeiangalia anajua kwa nini sikumaliza.

Lakini kelele zinasaidia. Angalia kilichofuata Thailand. Mwishoni mwa 2021 ikatoka Bad Buddy, ya mwongozaji Noppharnach Chaiwimol: Pat wa uhandisi na Pran wa usanifu majengo, familia hazipikiki chungu kimoja, na wao wanapendana kama watu wawili walio sawa, hakuna anayelazimishwa. Desemba mwaka huohuo ikaanza Not Me, ya mwongozaji Anucha Boonyawatana, ambayo iliwatoa wahusika wake chuoni ikawapeleka barabarani kwenye maandamano, na bendera ya upinde wa mvua ikakunjuliwa wakidai ndoa sawa. Kwa miaka watazamaji na wanaharakati wa Thailand walikuwa wakiuliza kwa nini makampuni yanapata hela kwa mapenzi haya na hayasemi neno juu ya sheria. Sheria yenyewe ilipita Seneti tarehe 18 Juni 2024 na kuanza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Wapo mashabiki wanaosema tamthilia ndizo zilizoleta sheria. Taratibu jamani. Walioileta ni watu waliopigwa jua barabarani na mawakili wao. Tamthilia zilizoeza macho ya shangazi zao sebuleni, ambayo nayo si kazi ndogo.

Kuna upande mwingine wa nguvu ya mtazamaji, nao unatisha. Huo uko China.

Huko riwaya za aina hii zinaitwa danmei na ziliota kwenye intaneti kwa wingi. Januari 2016 ikaanza tamthilia Addicted, ya wanafunzi wawili wa sekondari, ikapendwa vibaya sana, na mwezi wa pili ikaondolewa mitandaoni ikiwa zimeonyeshwa sehemu 12 kati ya 15. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa riwaya za namna hii, aliyetumia jina la Tianyi, alihukumiwa jela miaka kumi na nusu mkoani Anhui kwa kosa la vitabu vya ngono. Watengenezaji wakajifunza. Mwaka 2019 ikatoka The Untamed, sehemu 50, iliyotokana na riwaya ya Mo Xiang Tong Xiu. Kwenye riwaya wale wawili ni wapenzi, kwenye tamthilia ni marafiki wa damu. Watazamaji wakajaza wenyewe palipoachwa wazi: jicho likitupwa hivi, filimbi ikipigwa vile, wao wanajua. Dunia nzima ikawajua Xiao Zhan na Wang Yibo.

Halafu Februari 2020. Shabiki mmoja akaandika hadithi ya kubuni inayomchora Xiao Zhan kama mtu aliyevaa ukike, anauza mwili, anapendana na Wang Yibo ambaye kwenye hadithi ni mtoto wa chini ya miaka 18. Mashabiki wengine wa Xiao Zhan wakachukia. Wangeweza kufunga ukurasa wakaenda kulala. Wangeweza kubishana kama Sato alivyobishana, kwa kalamu. Wao wakaenda kushtaki kwa serikali, kwa wingi, kwa kupangana. Tarehe 29 Februari tovuti ya AO3, ghala la mamilioni ya hadithi za mashabiki wa dunia nzima, ikawa haifunguki tena China. Waliopoteza ghala lao wakageuza hasira kwa Xiao Zhan, wakasusa bidhaa alizokuwa anazitangaza, mpaka ofisi yake ikaomba radhi. Yeye mwenyewe hakuwa ameshtaki mtu. Tukio hilo linaitwa 227, kwa tarehe lilipoanza.

Mwaka 2021 ikatoka Word of Honor, ikapendwa, na Agosti ikaondolewa kwa kisa kingine kabisa, picha za zamani za mwigizaji wake Zhang Zhehan kwenye eneo la hekalu la Yasukuni Japani. Mwezi wa tisa mamlaka ya utangazaji ikatoa agizo dhidi ya wanaume wenye sura na mwenendo wa kike kwenye runinga, na tamthilia za danmei zilizokwisha kupigwa picha zikabaki makabatini. Immortality ndiyo maarufu zaidi kati ya hizo za makabatini, mashabiki wanaingojea bado.

Kwa hiyo chumba chetu kikigombana, mimi nafurahi. Nasema kweli. Mtu anayesema TharnType ni mbaya na kwa nini, na mwenzake anayemjibu na kwa nini, hao wanafanya kazi ileile iliyofanyika kwenye Choisir. Juzi lakini mmoja wetu alichoka kubishana akasema kwa hasira atakwenda kumwambia matroni kwamba kuna watu wanaangalia uchafu. Chumba kizima kilinyamaza, wale wa Simba na wale wa Yanga. Hakwenda. Ila nililala nikiifikiria ile 227.

Nimalizie na Takemiya, maana wengine mtaniuliza aliishia wapi. Mwaka 2010 serikali ya jiji la Tokyo ilileta muswada wa kubana katuni zenye ngono za wahusika wanaoonekana kuwa watoto. Ukiusoma kwa macho makavu, Gilbert alikuwa anaingia humo moja kwa moja. Takemiya, akiwa na miaka 60, alijitokeza hadharani kuupinga pamoja na wachoraji wenzake. Toleo la kwanza likaanguka, lililorekebishwa likapita Desemba mwaka huohuo. Na mwaka 2014 yule dada aliyekataliwa na wahariri kwa miaka, aliyechora mafarao ili apate kura, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika, akakiongoza mpaka 2018. Mkuu wa chuo, wadau! Hebu pigeni picha siku ya mahafali mnapeana mkono na huyo.

Haya, nimeandika sana na chaji imebaki kidogo, umeme wenyewe mnaujua. Mwenye Not Me yote yenye maandishi ya chini aniletee kwenye flashi kabla ya Jumamosi. HIStory4 bakini nayo.